Robo Saa Mbele ya Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Upesi aliwalisha samaki. Alinawa mikono kwa maji matupu, kwa sababu sabuni ni sumu kwa samaki, akafuta chumvi iliyoganda ukingoni mwa kioo, akasoma kipimo cha joto, kisha akadondosha chembe za chakula kwa vidole viwili. Kazi hiyo ilistahili dakika kumi. Yeye aliimaliza kwa dakika nne, na hakuitwa Upesi bure. Alikula akiwa amesimama, alifunga viatu akiwa njiani, na mama yake alikuwa ameacha kumwambia ile methali ya haraka na baraka, maana kila alipofika katikati, binti alikuwa ameshatoka mlangoni.

Tangi lilikuwa la baba yake, fundi wa majokofu. Alilijenga mwenyewe kwa vioo vya jokofu kuukuu la dukani, akaliweka sebuleni juu ya fremu ya jokofu jingine lililokufa. Ndani yake kulikuwa na maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini yaliyopepea mkondo wa pampu ulipopita, na chale wawili. Hao ni samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, nao huitwa chale kwa sababu ya mavazi hayo na mwendo wao wa kuyumbayumba. Mdogo wao alipenda kukaa pembe moja tu, karibu na tumbawe la kijani, akitazama dunia ikipita. Baba akamwita Mstaafu. Waliletwa nyumbani mwaka ambao Upesi alianza darasa la kwanza, na sasa alikuwa darasa la sita.

Mwezi uliopita yule mkubwa alikufa kwa uzee. Mstaafu akabaki peke yake. Alizunguka tangi siku nzima kama mtu aliyesahau alikoweka funguo, na chakula akawa anakigusagusa tu. Upesi alimwonea huruma sana. Baba naye alimwonea huruma, ingawa alisema tu kwamba tangi limepwaya, na siku ya Jumatatu akampeleka Upesi kwa Mama Maji.

Mama Maji alikuwa na duka la samaki wa mapambo nyuma ya kituo cha mafuta. Lilikuwa chumba kirefu, chenye matangi pande zote mbili na sakafu isiyokauka kamwe. Mwenyewe alivaa mabuti ya mpira mwaka mzima. Hakupenda kuuza samaki kwa pupa, na watu wengine walimwona mkaidi kwa hilo, lakini wateja wake walirudi.

Kwanza aliwaonyesha chale wa rangi ya damu ya mzee, wakubwa na wa kupendeza, waliotengwa kila mmoja kwenye tangi lake. Upesi akawakodolea macho. Mama Maji akamwambia asijisumbue. Hao, alisema, ni wagomvi wa kuzaliwa, wanauma hata mkono unaosafisha kioo. Kwa tangi dogo la nyumbani, lenye samaki mwingine ndani, aina nzuri ni hii ya chungwa, aina ya Mstaafu, ambayo kwa kawaida ni pole.

"Lakini aina kuwa pole si lazima kila mmoja awe mpole," akaongeza. "Kwa chale, mkubwa ndiye jike, naye ndiye mtawala. Mdogo ni dume. Jike akifa, yule dume aliyebaki hukua na kugeuka jike, akashika utawala."

Baba akacheka, akasema kumbe Mstaafu amerudishwa kazini na kupandishwa cheo.

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo mnataka mgeni mdogo kuliko yeye, na aliye tayari kutawaliwa. Mkimpelekea mwingine anayetaka utawala, mmoja wao atakufa."

Katika tangi la pembeni walikuwa chale watano wa chungwa. Mama Maji alikuwa na utaratibu wake: anayetaka chale huja siku tatu mfululizo, saa kumi jioni wakati wa kulisha, anakaa kwenye benchi robo saa, na kuandika. Alimchorea Upesi safu tatu katika daftari la shule: mara ngapi samaki amemkimbiza mwenzake, mara ngapi amekimbizwa, na mara ngapi ametetemeka. Chale anayelala ubavu kidogo na kutetemesha mwili mbele ya mkubwa, alieleza, anasema nimekubali, wewe ndiye bosi.

Upesi hakuuliza kwa nini ziwe siku tatu badala ya moja. Alikwisha kukaa kwenye benchi.

Siku ile aliandika kwa uaminifu. Wawili walikimbizana mno, akawakata. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko Mstaafu, akamkata pia. Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa mdogo, amepauka kidogo, ana doa jeusi mkiani, na alitetemeka kila alipopitiwa na mwenzake. Huyo akamwita Nukta. Mwingine alikuwa na rangi kali ya kung'aa, na mstari wake wa katikati ulikatika kabla ya kufika tumboni. Huyo akamwita Kipande. Kipande alikaa nyuma ya bomba robo saa nzima, hakumkimbiza mtu. Upesi aliondoka akiwa ameshamchagua. Mpole, na mzuri juu yake. Alitaka nini tena?

Siku ya pili mwalimu wa michezo akatangaza kwamba mazoezi ya mpira wa pete yatakuwa kila siku kuanzia saa tisa na nusu. Upesi alikuwa mfungaji, na mechi ya shule jirani ilikuwa inakaribia. Angeweza kumwambia mwalimu. Angeweza pia kumwambia baba kwamba hatawahi dukani, wasogeze mbele siku moja. Maneno yenyewe hayakuzidi matano. Lakini moyoni alijiambia kwamba samaki keshamjua, na samaki habadiliki kama hali ya hewa. Wakati wa mapumziko aliketi pembeni mwa uwanja, akafungua daftari juu ya magoti na kujaza safu zote za Jumanne. Kwa Kipande aliandika sifuri, sifuri, nne. Jumatano alifanya vilevile, ila akaweka tano mahali pa nne ili ipendeze.

Jumamosi walirudi dukani. Tangu Jumanne Mama Maji alikuwa nyuma ya duka akipambana na pampu kubwa iliyoharibika, na hata siku hiyo mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Alisoma daftari taratibu.

"Ulikaa siku zote tatu? Mimi nilikuona moja."

"Nilikaa. Ulikuwa kule nyuma," Upesi akajibu.

"Namba za siku hizi mbili zinafanana sana."

"Samaki mwenyewe ndivyo alivyo."

Mama Maji alimtazama, akatazama grisi mikononi mwake, kisha akachukua wavu. Baba alisimama pembeni akitabasamu kwa fahari. Njiani aliliomba lile daftari, akalisoma tena huku akitembea, akasema hajawahi kumwona binti yake akitulia mahali robo saa, na sasa ametulia mara tatu. Upesi alitazama viatu vyake.

Nyumbani waliuacha mfuko wenye Kipande uelee ndani ya tangi, wakaongeza maji kidogokidogo kwa saa nzima, kisha wakamfungulia mgeni. Jioni ile na Jumapili yote palikuwa na amani. Kipande alikaa nyuma ya pampu, Mstaafu akawa anamzungukia kwa mbali. Upesi akapumua.

Jumatatu alasiri alipotoka shuleni alimkuta Kipande katikati ya tangi, na Mstaafu amebanwa pembeni juu kabisa, karibu na uso wa maji. Kila aliposhuka, Kipande alimvamia. Hakuwa akicheza. Alimuuma mkia, akamfukuza mpaka juu, akarudi kwenye tumbawe la kijani na kukaa pale pale palipokuwa pa Mstaafu tangu zamani. Upesi aligonga kioo kwa kidole, lakini Kipande hakujali.

Baba alirudi jioni akiwa na mfuko wa vifaa begani. Alipoinama mbele ya tangi, kivuli chake kikubwa kilimtisha Kipande, akajificha nyuma ya bomba. Kwa hiyo baba hakuona ugomvi. Aliona tu Mstaafu amechanika pezi, amepoteza rangi, hataki kula. Akalifungua daftari lililokuwa juu ya meza.

"Mgeni si yeye," alisema. "Siku tatu, sifuri kila siku. Basi ni maji."

Upesi alikuwa na nafasi ya kusema. Aliiacha ipite, akijipa moyo kwamba watazoeana.

Basi baba akayashughulikia maji. Jumanne alibadilisha sehemu kubwa ya maji, akapima chumvi mara mbili. Jumatano alifungua pampu yote na kuisugua kwa mswaki, baada ya kutwa nzima ya kubeba majokofu ya watu ngazini. Mgongo ulimuuma, akala chakula amesimama kama bintiye. Kipimo kilisema maji ni safi, na bado Mstaafu alizidi kuchakaa. Jicho moja lilikuwa limevimba. Alasiri, kabla baba hajarudi, Upesi alisimama na fimbo ya mwavuli, akiigongesha kwenye kioo kila Kipande alipojitokeza, na hata mazoezini hakwenda. Alipokwenda msalani na kurudi, pezi jingine lilikuwa limechanika.

Alhamisi jioni baba alikuja na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Alijaza maji ya tangi, akakaa kwenye kiti na kumweleza Upesi kwa upole kwamba amefikiri sana. Maji hayana kosa, na mgeni hana kosa, hivyo Mstaafu mwenyewe ndiye mgonjwa. Inabidi aondolewe kabla hajamwambukiza mwenzake. Angempeleka kwa Mama Maji, na kama hakuna dawa, ndio basi tena. Alisema anajua Upesi atalia, na si vibaya kulia.

Upesi alimtazama Mstaafu. Miaka sita alimlisha kwa vidole viwili, na leo alikuwa anatolewa nyumbani kwake kwa ushahidi wa penseli. Baba alikuwa ameshaloweka wavu.

"Baba, si Mstaafu."

"Si Mstaafu nini?"

"Haumwi. Kipande ndiye anayempiga. Ukija anajificha."

"Mwanangu, daftari linasema..."

"Daftari ni la uongo," Upesi akasema. "Nilikaa siku moja tu. Siku mbili nilikuwa mpirani, nikajiandikia."

Baba hakupaza sauti. Aliutoa wavu kwenye maji, akaulaza juu ya ndoo, akatazama daftari, akatazama pampu aliyoisugua. Upesi angependa zaidi agombezwe.

"Siku nne," baba alisema. "Siku nne nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, kwa sababu nilikuamini. Haya, mengine tutayazungumza. Tumwokoe mgonjwa kwanza. Lete kile kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga."

Wakakaa mbali na kioo, kimya, robo saa. Kipande akatoka nyuma ya bomba na kufanya yote aliyokuwa akiyafanya, mbele ya macho ya baba. Baba akamnasa, akamtia ndani ya kikapu kilichoelea, ambamo maji yalipita lakini samaki hakupita. Mama alipouliza kikapu chake cha mboga kimekwenda wapi, aliambiwa kimekuwa mahabusu.

Kesho yake Upesi alimbeba Kipande hadi dukani, na baba akakataa kumsemea. Aliyeandika ndiye aliyepaswa kufuta. Upesi akasema yote mbele ya Mama Maji, akianzia uwanjani na kuishia kwenye ndoo. Hakuruka kitu.

Mama Maji alimsikiliza huku akifuta mikono.

"Huyu Kipande aliingia hapa dukani Jumatatu ile asubuhi, ametoka safari ya saa nyingi ndani ya mfuko," alisema. "Ulipomwona jioni alikuwa hajui hata yuko wapi. Watu husema mgeni siku mbili. Mimi nasema ya tatu ndiyo unayomwona alivyo. Ungekuja Jumatano, nadhani ungemkuta anatawala tangi zima."

Kisha akasema na yeye ana kosa lake. Namba zile zilimtia shaka, akaona uvivu kuuliza mara ya pili kwa sababu ya pampu. Wala hakumfukuza Upesi. Alimpa benchi lilelile na safu zilezile tatu, aanze Jumatatu upya.

Mara hii Upesi alikwenda kwanza kwa mwalimu wa michezo. Alikuwa amejiandaa kukemewa. Mwalimu alimwambia tu afanye mazoezi ya mwanzo, aondoke saa kumi kasoro robo, na kesho yake awahi. Ilikuwa rahisi kiasi cha kumuudhi. Wiki nzima ya mateso ingeepukwa kwa sentensi moja.

Siku tatu alikaa. Benchi lilikuwa gumu na mbu hawakumwonea haya. Lakini siku ya pili aligundua kwamba kutazama nako ni kazi, na kwamba ukitulia, samaki huanza kukuonyesha mambo. Kipande, aliyetengwa kwa kioo, alikuwa akimtishia hata konokono. Nukta alikula baada ya wengine, hakumfuata mtu, na kila mkubwa alipomkaribia alilala ubavu akatetemeka, kisha akaendelea na shughuli zake bila kinyongo. Hakuwa pambo la tangi, ila alikuwa samaki wa kuishi naye, kama Mama Maji alivyopenda kusema kwa utani.

Jumamosi Mama Maji alilipokea daftari. Safari hii mikono yake ilikuwa mikavu. Alisoma mstari mmoja mmoja, akafika siku ya tatu, akasimama. Pale, chini ya namba, Upesi alikuwa ameandika: *Leo nilichelewa. Dakika tano za kwanza sikuziona.*

"Kwa nini umeandika hivi?" akauliza. "Dakika tano tu. Nisingejua."

"Kwa sababu sikuziona," Upesi akasema.

Mama Maji akaenda kuchukua wavu.

Nukta aliingia tangini jioni hiyo. Mstaafu, ambaye pezi lake lilikuwa limeanza kuota upya, alimjia kwa kasi na kumsukuma mara moja. Nukta akalala ubavu, akatetemeka. Mstaafu akamzunguka, akamtazama upande huu na ule, akarudi kwenye tumbawe lake la kijani. Jumatano iliyofuata walikuwa wawili pale kwenye tumbawe, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na chembe za chakula ziliisha kabla hazijafika chini. Upesi alifurahi hadi akachelewa shule.

Siku Mama Maji alipopita nyumbani kuwaona, alisimama mbele ya tangi na mabuti yake, baba upande mmoja na Upesi upande wa pili. Alitazama robo saa kamili bila kusema. Ndipo akamgeukia Upesi.

"Uongo wako wa mara ya kwanza haukumdanganya samaki hata mmoja," alisema. "Ulitudanganya sisi tuliokuamini, na aliyeumia ni huyu asiyejua kusoma. Kazi usiyoifanya, sema hukuifanya. Hilo ni jambo dogo, linasameheka. Ile mistari yako ya dakika tano unaikumbuka?"

Upesi akaitika kwa kichwa.

"Basi niliposoma hapo ndipo nilipoyaamini mengine yote."

Baba akalichukua daftari juu ya meza, akalitundika kwenye msumari kando ya tangi, likiwa limefunguliwa ukurasa huo. Kesho yake asubuhi Upesi alinawa mikono kwa maji matupu, akafuta chumvi kwenye kioo, akasoma kipimo cha joto, akawalisha Mstaafu na Nukta, kisha akavuta kiti. Kazi ilichukua dakika kumi.